Uliza Bi Ngozi: Hiyo pini irudishe kwenye nywele

Mwezi huu mfuko wa barua umekuja na pua tupu. Yupo wa Mbagala, yupo wa Singida, yupo na fundi wa gereji ambaye kwake taabu si pua bali mapaja, lakini nimemweka humuhumu kwa kuwa kilichomsibu ni kilekile. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi si daktari bingwa. Ni ofisa tabibu niliyekwenda Moshi kusomea ngozi miaka miwili, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza 1992, kisha nikarudi kwetu Tanga kuhudumia wagonjwa wa nje hadi nilipostaafu. Sasa nina muda wa kusoma barua zenu, na wa kugombana nanyi.

*

Shikamoo Bi Ngozi. Mimi ni wakala wa fedha za simu, nina miaka 23. Pua yangu imejaa vidoti vyeusi, ukiitazama kwa karibu ni chekeche. Kila Ijumaa jioni nakamua kwa pini ya nywele, kinatoka kitu kama tambi nyembamba, nafurahi. Ijumaa inayofuata vipo vilevile. Nimebandika plasta za pua, nimepaka maski ya mkaa nikatoka machozi wakati wa kuibandua, nimesugua limao na bekingi soda. Sasa matundu naona yamezidi ukubwa, na upande wa kushoto pamebaki doa jeusi. Dada yangu anaolewa baada ya wiki tatu na mimi ndiye matroni wake. Niyafungeje haya matundu?
Pua ya Chekeche, Mbagala

Marahaba mwanangu. Hiyo pini irudishe kwenye nywele kwanza, halafu tuzungumze.

Weusi unaouona si uchafu. Kila kinyweleo ni mdomo wa kifuko kidogo chenye unywele na tezi ya mafuta, na puani tezi hizo ni kubwa na nyingi kuliko mashavuni. Magamba ya ngozi iliyokufa yakichanganyika na mafuta hayo, hugandamana yakawa kizibo. Kizibo kikifunikwa na ngozi kwa juu, unapata kijipele cheupe. Mdomo ukiwa wazi, kichwa cha kizibo kinakutana na hewa na ile rangi ya ngozi iliyomo ndani, melanini, inageuka nyeusi, kama ndizi uliyoimenya ukaisahau mezani. Ndiyo maana unasugua mpaka unachubuka na weusi uko palepale.

Sasa hizo tambi zako. Nina wasiwasi nyingi kati yake si ugonjwa kabisa. Simama dirishani mchana, si chini ya taa ya bafuni, ujitazame. Kizibo chenyewe ni cheusi hasa, kigumu, kimeinuka kidogo, na hukaa kimojakimoja hapa na pale. Ukiona vidoti vya kijivu au rangi ya mchanga, bapa, vimejipanga kwa usawa pua nzima, hivyo ni vijiuzi vya mafuta. Kila mtu anavyo, hata hao unaowaona kwenye simu wenye pua laini kama kigae. Kazi yake ni kuyapandisha mafuta kutoka kwenye tezi hadi juu ya ngozi, na ukivikamua hujaa tena ndani ya mwezi au kabla. Wewe mwenyewe umeshayaona hayo kwa Ijumaa zako zote. Unachota kisima ukitaka kikauke.

Nami nakusema lakini nilifanya vibaya zaidi yako. Nilikuwa na miaka 17, harusi ya binamu yangu, Chumbageni. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nyumba nzima inanukia singo na liwa, bibi anasaga kwenye msio, na mimi nimelala chali mkekani huku jirani yetu mmoja, msichana mkubwa niliyemwona anajua kila kitu cha urembo, ananichokonoa pua kwa pini ya khanga. Asubuhi pua imefura kama kitumbua. Kwenye picha za siku ile nimeinamisha uso, watu wanadhani ni haya. Kovu ninalo mpaka leo, upande wa kulia, kama punje ya mchele, na kazini nililifanya chombo cha kufundishia: mgonjwa akibisha, namsogezea pua.

Kwa ngozi zetu nyeusi kuna la zaidi. Ukiijeruhi, hata jeraha likipona, pahali pale hutengeneza rangi kupita kiasi. Doa lako la kushoto ndilo hilo. Litafifia, ila kwa miezi, si kwa siku, na kila ukilichokonoa unaanza kuhesabu upya. Pia eneo la kutoka juu ya pua hadi pembe za mdomo, mishipa yake ya damu inaungana na ile iliyo nyuma ya macho. Kwa nadra sana, usaha wa hapo huweza kupanda kichwani. Sikutishi, lakini mtu aliyekamua pua kisha akapata homa, jicho likavimba au kichwa kikauma sana, asiandike barua kwangu. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Limao na bekingi soda: ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH (kipimo cha uasidi, namba ikishuka uasidi unazidi) kama 5. Limao ni kama 2, bekingi soda inazidi 8. Ukivichanganya vinatoa povu zuri la kutazama na basi. Ukipaka kimoja kimoja unaichoma ngozi kwa upande mmoja au mwingine, na limao ukitoka nalo juani linaweza kukuachia malengelenge na madoa. Maski ya mkaa ile ya kubandua inang'oa malaika ya uso na tabaka la ngozi pamoja nayo, ndiyo maana ukalia. Plasta za pua hazina ubaya huo, ila zinakata kichwa cha kizibo na kuacha shina.

Kufunga matundu, mwanangu, hakuna. Kinyweleo hakina msuli wa kukifungua na kukifunga kama mdomo wa mfuko wa rambo. Kujifukiza, ambako tangu 2020 kila nyumba inajifanya bingwa wake, kunalainisha mafuta tu. Ukubwa wa matundu unaurithi kwa wazazi. Unaongezeka mafuta yakiwa mengi, kizibo kikikaa muda mrefu kikilitanua tundu, na jua pamoja na umri vikiilegeza ngozi inayolizunguka. Wazazi huwezi kubadilisha. Hayo mengine matatu tunaweza kuyasogelea.

Asubuhi na jioni nawa kwa sabuni laini ya uso, siyo ya kipande tunayofulia, maana hiyo ni kali na ngozi ikikauka mtu hujipaka mafuta mazito ya kufidia. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, suuza mwisho kwa kikombe cha maji baridi ya bomba. Kisha nenda duka la dawa ukaulize asidi ya salisiliki ya asilimia 2. Hii naipenda kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaingia ndani ya tundu na kulegeza kizibo kuanzia humo, kitu ambacho skrabu haiwezi. Anza jioni tatu kwa wiki. Ikivumilika, ongeza. Ni ndugu wa aspirini; kama aspirini inakudhuru, usiiguse. Juu yake kilainishi chepesi kisicho na mafuta, na asubuhi losheni ya kukinga jua yenye SPF (namba ya nguvu ya kukinga) 30 au zaidi, hata kama siku nzima umekaa kibandani, kwa sababu kibanda chako nadhani kina dirisha linaloitazama barabara.

Dawa yenye nguvu kuliko hiyo ni adapalini ya asilimia 0.1, au tretinoini. Hizi zinazuia vizibo visijengeke upya na kwa muda mrefu zinaikaza ngozi kidogo, hivyo matundu yanaonekana madogo. Lakini USIANZE SASA. Wiki za mwanzo zinachubua, zinakausha, zinawasha, na wiki tatu zijazo ndiyo harusi. Utakwenda ukumbini unapukutika kama mjusi anayejivua gamba. Anza dada akishaondoka kwa mumewe: kiasi cha punje moja ya kunde kwa uso mzima, usiku, mara mbili au tatu kwa wiki, usiichanganye na salisiliki usiku mmoja. Mimba ikiingia, au ukipanga kuipata, acha. Matokeo uyahesabu baada ya wiki 8 hadi 12. Najua Ijumaa moja ni fupi kuliko hapo.

Na kama kuna kizibo kimoja cheusi hasa kinachokunyima usingizi? Baada ya kuoga, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika chache. Mikono imeoshwa, kucha fupi. Funga vidole viwili kwa karatasi laini ya shashi, sogeza ngozi pembeni halafu bonyeza taratibu kuelekea chini, si kubana kwa juu. Kikitoka, kimetoka. Kisipotoka mara ya pili, kiache, hakijaiva. Damu ikionekana umeshakosea. Siku tatu kabla ya harusi usiguse chochote.

Usiku wa sherehe, hata ukirudi saa tisa alfajiri umechoka na pilau, toa vipodozi ndipo ulale.

*

Bi Ngozi, kila mwezi unatusema watu wa saluni. Mimi nasafisha nyuso za watu miaka minane na natumia kijichuma cha kitanzi cha kukamulia vidoti, napangusa kwa spiriti baada ya kila mteja. Au unataka tufunge biashara?
Mwenye Saluni, Kigamboni

Sitaki ufunge, nataka ununue jiko la presha.

Kijichuma cha kitanzi ni kizuri kikiwa mikononi mwa aliyefundishwa. Tatizo langu ni hiyo spiriti ya kupangusa. Kitanzi kinatoka na majimaji, mara nyingi na damu usiyoiona, na kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai juu ya chuma kikavu kwa siku 7. Kupangusa sekunde mbili hakukitoshi. Oshea vyuma kwa sabuni na brashi kwanza, maana dawa haipenyi kwenye uchafu, kisha viweke kwenye mvuke wa presha wa nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, vikauke, vihifadhiwe vimefunikwa. Uwe na seti kadhaa ili mteja wa pili asisubiri. Sindano ya kutobolea ngozi ni ya mtu mmoja, ikitumika inaingia kwenye kopo gumu, si kwenye ndoo ya taka ambayo mtoto wa kazi ataibeba kwa mikono. Glavu unabadilisha kila mteja. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha saluni moja, siitaji, nikamwona binti anatoka kwenye uso wa mwenzangu anapokea simu, anahesabu chenji, anarudi kwangu na glavu ileile. Niliamka na taulo shingoni nikaenda zangu.

Wateja nao waulize. Swali halimvunjii mtu heshima.

*

Habari za kazi mama. Mimi fundi gereji, Unga Limited, Arusha. Usoni niko safi, lakini mikononi na mapajani nina vidoti vyeusi vingi na vipele vya usaha. Mke wangu anasema nimepata ugonjwa wa zinaa. Nisaidie kabla sijafukuzwa.
Fundi, Arusha

Nzuri, baba. Mwonyeshe mkeo hii barua.

Hizo ni chunusi za oili. Oili ya injini na grisi vikikaa juu ya ngozi huziba vinyweleo, na mahali pake pakubwa ni mikono na mapaja, kwa sababu mikono inaingia kwenye mashine na mapaja yanafutiwa vitambaa. Niulize nilijuaje: hilo bwelasuti lako umelifua lini? Oili iliyolowa kwenye kitambaa inakusugua mapaja saa kumi kwa siku, inakufanyia kazi ya kuziba hata ukiwa umekaa unakunywa chai.

Bwelasuti mbili, moja ikifuliwa nyingine imevaliwa, na usizichanganye na nguo za watoto. Kitambaa cha kufutia kisikae mfukoni. Oga palepale kazini kama kuna maji, au ukifika nyumbani kabla ya kukaa kwenye kochi, kwa sabuni ya kawaida. Kunawa kwa petroli au dizeli kunakuharibia ngozi maradufu, nanyi mafundi wote ndivyo mnavyofanya. Kwenye vidoti paka benzoili peroksaidi ya asilimia 5 mara moja kwa siku, ila fahamu inapausha nguo na mashuka ya rangi. Usikamue. Kama baada ya miezi miwili bado vinatoka usaha, nenda hospitali upate dawa ya kumeza.

*

Bi Ngozi, natumai u mzima. Mimi ni dereva mstaafu wa malori, miaka 66. Pembeni mwa jicho na juu ya shavu nina vidoti vyeusi vikubwa, vingine kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Haviumi. Cha ajabu, kulia vimejaa, kushoto vichache. Wajukuu wananiuliza ni nini.
Babu, Singida

Shikamoo babu. Barua yako ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu jibu umelileta mwenyewe bila kujua.

Uliendesha malori yetu, ambayo usukani uko kulia. Kwa hiyo miaka yote ile dirisha lilikuwa kulia kwako, na jua la mchana likikupiga shavu hilohilo. Kioo cha pembeni kinazuia ile miale inayounguza ngozi ikababuka, lakini miale mirefu, inayopenya ndani na kuzilegeza nyuzi zinazoishikilia ngozi, kinaipitisha kwa kiasi kikubwa. Ngozi ikishalegea, mdomo wa kinyweleo unabaki wazi kama soksi iliyokatika lastiki, na mafuta yanajaa humo yakakauka yakawa meusi. Kwa wazee waliokaa juani hali hii inajulikana, na sigara inaizidisha. Hukusema kama unavuta. Madereva wengi niliowatibu walikuwa wanavuta.

Haina hatari. Ukitaka kuviondoa, usimpe mjukuu pini. Mtaalamu wa ngozi anavitoa vikubwa kwa dakika chache kisha anakupa tretinoini ya kupaka usiku visirudi haraka. Karibu na jicho inahitaji mkono mwepesi, kwa hiyo akuonyeshe mwenyewe mwisho wa kuipaka. Kofia ya ukingo mpana uivae kuanzia leo. Na katika hivyo vidoti, kama kuna kimoja kinachokua, kinachotoa damu chenyewe, au kidonda ambacho wiki nne hakijafunga, hicho hakimo kwenye jibu langu. Kipeleke hospitali kikatazamwe.

*

Assalamu alaikum Bi Ngozi. Nina mtoto wa miezi minne, nanyonyesha. Sokoni Darajani nimeuziwa kikopo cha krimu ya kuchanganya, hakina maandishi, muuzaji amesema inatoa weusi wa pua na inaziba matundu kwa siku saba. Kweli siku ya tano uso umekuwa laini na mweupe. Niendelee?
Mama Kichanga, Unguja

Wa alaikumu salaam. Hapana, usiendelee, na nakuomba leo, si kesho.

Kitu kinachofanya uso uwe laini na mweupe kwa siku tano, kwenye kikopo kisicho na jina, mimi nakiita mkorogo hadi kithibitishwe vingine. Ndani yake mara nyingi kuna steroidi kali, au hidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, au zebaki, au vyote. Steroidi ndiyo inayokupa huo ulaini wa mwanzo. Baada ya wiki kadhaa inaikondesha ngozi na inaleta chunusi zake yenyewe, nyingi kuliko ulizoanza nazo. Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu, nayo haibaki kwako: mtoto anapolaza shavu lake juu ya lako, anapochezea uso wako kisha akaweka vidole mdomoni, anaipata. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, unaohusu zebaki, umepiga marufuku vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki.

Kikopo kifunge kwenye mfuko uende nacho kituo cha afya, wakione, na wamwangalie mtoto. Uso unaweza kuwasha na kuwa mwekundu ukiacha. Waambie na hilo, usirudie kupaka ili kuutuliza. Mambo ya pua yatangoja. Ngozi ikishatulia, salisiliki kidogo puani tu haina neno ukiwa unanyonyesha, ila isifike kifuani anaponyonya. Adapalini na tretinoini tuzingoje mpaka umwachishe.

*

Binti yangu wa miaka 13 ana vidoti na vipele kwenye paji la uso tu, mstari mzima chini ya nywele. Mashavu safi. Je, ni balehe?
Mama wa Binti, Mombasa

Balehe imechangia, ila huo mstari umechorwa na mafuta ya nywele. Punguza kiasi, yapake kwenye nywele yenyewe bila kugusa paji, afunge kitambaa safi anapolala, foronya ibadilishwe kila wiki. Mafuta ya nazi usoni pia yapumzike, najua huko kwenu nimejitafutia ugomvi.

*

Je, barafu inafunga vinyweleo?
Msomaji, Kisumu

Inaupoza uso kwa dakika kumi, na uvimbe unapungua kidogo. Inayobaki tia kwenye juisi.